Monstera inatoa majani mazima yasiyo na matundu, kingo zinakauka (Kigoma)

Kibirizi_Kijani

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kuhusu monstera, ule mmea wa kupanda wenye majani makubwa yenye matundu. Naweka maelezo yote mapema ili mtu asihangaike kuuliza.

Ulikuwa mche wa majani manne, sasa una miezi kumi na nne na majani tisa. Upo kwenye ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye tundu moja chini. Udongo ni ule mwekundu wa shambani uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Unakaa sebuleni, kama mita tatu kutoka dirisha linalotazama ziwani, yaani magharibi. Unapewa maji ya bomba kikombe kimoja kila asubuhi. Hauna mti wa kupandia, umelala upande.

Dalili zenyewe: jani la tatu na la nne yalikuwa na mipasuko miwili mitatu, lakini matano yaliyofuata yote ni mazima kama umbo la moyo, na kila jipya ni dogo kuliko lililotangulia. Vikonyo vimerefuka sana. Majani mawili ya chini yamegeuka manjano yote. Jani la mwisho limetoka na rangi ya limau huku mishipa yake ikiwa kijani. Majani ya katikati yana kahawia kavu kwenye kingo. Juu ya udongo na kwenye ukingo wa ndoo kuna ukoko mweupe, ukiusugua unatoka kama chokaa.

Tatizo ni mwanga, maji au mbolea? Na haya majani mazima, yatakuja kutoboka yakikomaa?

Bustani_ya_Ujiji

Naanza na swali la mwisho kwa sababu wengi hulisubiri bure. Hapana, jani likishafunguka bila tundu halitatoboka kamwe. Matundu ya monstera hutengenezwa jani likiwa bado dogo mno ndani ya chipukizi: vikundi vya seli hufa kwa mpango wa mmea wenyewe, na jani linapokua vile vitobo hutanuka nalo. Matundu yaliyo karibu na ukingo hufika mwisho na kupasuka, ndiyo unaona mipasuko. Kwa hiyo jani unalolitazama leo linakueleza mmea ulikuwa na hali gani wiki nyingi zilizopita, lilipokuwa bado linaundwa.

Kabla ya yote hakikisha ni monstera kweli. Huku kwetu mara nyingi watu huuziwa ule mtambaazi wa kawaida wenye madoa ya njano, unaopanda miembe na michikichi barazani. Ule nao ukipanda mti mrefu majani yake huwa makubwa kama sinia na hupasuka kingo, basi muuzaji huchukua kipande na kusema ni monstera. Tazama pale kikonyo kinapokutana na jani. Monstera aina ya deliciosa ina kama kiwiko hapo, na kadiri mmea unavyokomaa, ngozi ya sehemu hiyo huwa na mikunjo ya mawimbi. Ule mwingine hauna mikunjo hiyo. Kwa kuwa jani lako la tatu na la nne yalipasuka mmea ukiwa bado mdogo, naamini yako ni monstera.

Sasa mwanga. Asili ya deliciosa ni misitu ya kusini mwa Mexico hadi Panama. Mbegu huota chini, mche hutambaa kuelekea penye giza mpaka ugonge shina la mti mkubwa, halafu hupanda. Majani huwa makubwa na yenye matundu kadiri unavyopanda na kuukaribia mwanga. Wako umelala chini, mita tatu kutoka dirishani: kwa hesabu ya mmea bado uko chini ya msitu unatafuta mti. Hauna sababu ya kutoa jani kubwa. Vikonyo kurefuka na majani kupungua ukubwa ni dalili ileile moja.

Kipimo rahisi: saa sita mchana weka kiganja juu ya jani, umbali wa kama sentimita 30. Ukiona kivuli chenye vidole vinavyohesabika lakini kingo zake laini, mwanga unafaa. Usipoona kivuli kabisa ni giza kwa mmea, hata kama wewe unasoma gazeti hapo vizuri. Kivuli kikali cha kingo kali maana yake ni jua la moja kwa moja.

Dirisha lako la magharibi lina hatari yake. Kuanzia saa nane hadi jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo hakuna kitu kinachozuia miale, na ziwa nalo linarudisha mng'ao. Usiusogeze mmea kwa mara moja. Wiki ya kwanza uweke mita moja na nusu, wiki ya pili mita moja, na pazia jepesi jeupe lishushwe kuanzia saa nane. Jani likiungua hupauka kwanza kuwa jeupe-kijivu katikati, kisha hukauka kahawia kama karatasi, na halirudi.

Kama una dirisha la mashariki, hilo ndilo bora kuliko yote: jua la asubuhi hadi saa nne haliudhuru. Wenye baraza za kaskazini au kusini wajue hili: Kigoma tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hukaa upande wa kaskazini kuanzia wiki ya kwanza ya Machi hadi wiki ya kwanza ya Oktoba, kisha huhamia kusini. Baraza ya kaskazini iliyokuwa na kivuli kizuri Desemba, Juni inapigwa jua, tena msimu ambao hakuna mawingu.

Fundi_Vyungu

Mwenzangu amemaliza habari ya mwanga. Mimi nashika ukoko mweupe, kwa sababu nusu ya dalili zako zimetoka huko.

Mabomba ya mjini hapa yanavuta Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi yanayopotea huondoka kwa kukauka juani. Chumvi inabaki. Ndiyo maana maji yake yana magadi: pH yake (kipimo cha uchachu na magadi, 7 ndiyo katikati) ni karibu 9, na yamebeba magnesiamu na bikaboneti kwa wingi. Kwa kunywa hayana neno, ila kwenye ndoo yenye tundu moja, kikombe kwa kikombe kila siku kwa miezi kumi na nne, chumvi hiyo imejilundika. Maji yanakauka, magadi yanabaki, udongo unazidi kupanda pH.

Udongo ukishakuwa na magadi, madini ya chuma hujifunga, mizizi haiwezi kuyafyonza. Dalili yake ndiyo uliyoandika: jani JIPYA rangi ya limau, mishipa kijani. Ingekuwa upungufu wa nitrojeni, majani ya ZAMANI ndiyo yangetangulia kupauka, yote mpaka mishipa. Tofautisha hayo mawili kabla ya kununua mbolea. Chumvi hiyohiyo ndiyo inakausha kingo.

Msijidanganye na mambo haya matatu. Kulaza maji kwenye ndoo usiku kucha hutoa klorini, hakutoi magadi. Kuchemsha hakusaidii, unayazidisha tu ukali kwa kuwa maji yanapungua. Na kijiko cha chai cha siki kwenye lita 5, ambacho watu wengi hushauriana, hakifui dafu kwa maji ya ziwa hili.

Dawa ni maji ya mvua. Mvua zetu zinaanza kati ya Oktoba na Novemba hadi mwanzoni mwa Mei, na bati ni rahisi kuvuna: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 10 za mraba kwenye mvua ya milimita 20 linakaribia lita 200. Maji ya dakika kumi za mwanzo yaache yaende, yanaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Kwa chungu kimoja, kiangazi kizima cha Juni hadi Septemba ni kama wiki 18. Ukihesabu lita 3 kwa wiki ni lita 54, basi madumu manne ya lita 20 yanakutosha na chenji inabaki. Chagua madumu ya rangi nzito ili maji yasiote ukijani, na yafunikwe vizuri mbu wasizalie.

Yakiisha, changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Halafu mvua zikirudi, toa chungu nje chini ya kivuli siku ya mvua kubwa kioshwe vizuri.

Na kikombe kila siku, acha kabisa. Kikombe kinalowesha juu tu, chumvi haishuki chini, halafu udongo mwekundu mzito unabaki na unyevu muda wote huku mizizi ikikosa hewa. Majani mawili ya chini kuwa manjano ni mizizi inayoanza kuoza. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi sentimita 5: kikitoka na udongo ulioganda, subiri. Kikitoka kikavu, mwaga maji polepole mpaka yatokee chini, kama lita 1 hadi 1 na nusu kwa ndoo yako, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Masika inaweza kuwa kila baada ya siku 8 au 10, Agosti siku 4 au 5. Kijiti ndicho kinachoamua, siku hizo ni makadirio tu.

Kitu kingine kimoja watu hukiogopa bure: asubuhi ukikuta tone la maji kwenye ncha ya jani, siyo ugonjwa. Ni mmea unasukuma maji ya ziada usiku. Ukiliona kila siku ndipo ujue udongo una maji mengi mno.

Toa mmea kwenye ndoo, utuambie mizizi ikoje.

Kibirizi_Kijani

Asante sana wakuu, mmenifumbua macho. Nimeutoa. Udongo umeshikana kama tofali. Mizizi ya juu ni myeupe-krimu na migumu. Ya chini, karibu theluthi moja, ni ya kahawia nyeusi, ukiivuta ganda linavuka na kubaki kama uzi, na inanuka kama maji ya mtaro. Kiwiko chenye mikunjo kipo kwenye majani mawili makubwa. Nifanyeje hapa? Na mti wa kupandia nitumie nini?

Fundi_Vyungu

Hiyo iliyobaki uzi imekwisha, ikate yote. Fanya hivi leo hii, usiuache mmea wazi hadi kesho.

Loweka mzizi mzima kwenye ndoo ya maji ya mvua dakika 20, udongo utalainika, utoe kwa vidole. Usiupige wala kuuchana kwa uma. Mkasi au kisu kikali ukifute kwa spiriti, kata mizizi mibovu hadi ufike penye weupe wa ndani, na ufute tena spiriti kila ukihama mzizi. Acha mmea kivulini saa moja au mbili majeraha yakauke.

Usiurudishe kwenye ndoo ya lita 10. Mizizi imepungua theluthi, udongo mwingi utakaa na maji ambayo hakuna wa kuyanywa, na uozo utarudi. Tafuta ndoo ya lita 5. Msumari wa inchi 4, upashe moto, toboa matundu 8 chini na 4 ubavuni, sentimita 2 kutoka chini. Ziba ndani kwa kipande cha chandarua kilichochakaa ili udongo usitoroke.

Kokoto chini ya ndoo USIWEKE. Najua kila mtu hufundishwa hivyo. Maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Husimama juu yake na kuning'inia, kwa hiyo unakuwa umeupandisha unyevu karibu na mizizi na kupunguza nafasi ya udongo.

Mchanganyiko wa kujaza lita 5, pima kwa kopo la nusu lita:

makopo 3 ya udongo mweusi wa majani yaliyooza, ule unaokwangua chini ya miembe mikubwa;
makopo 3 ya chenga za mkaa, ukubwa wa punje ya mahindi hadi harage;
makopo 2 ya maganda ya mpunga, bora yaliyokaa nje yakachakaa;
kopo 1 la mchanga mkubwa wa mtoni;
kopo 1 la samadi iliyooza miezi sita au zaidi.

Mkaa uchekeche na kuuosha mara mbili, kwa sababu vumbi lake lina majivu, na majivu ni magadi tena. Tutakuwa hatujafanya kitu. Mchanga wa ufukweni usichukue, ni laini sana na una vipande vya makombe ya konokono wa ziwani, hiyo ni chokaa. Ukimaliza, mwaga nusu lita: maji yaanze kutoka chini ndani ya nusu dakika. Yakichelewa, ongeza mkaa.

Shina lizame kina kilekile cha mwanzo. Mwagilia mara moja hadi chini, kisha usiguse maji mpaka kijiti kitoke kikavu sentimita 5. Mbolea yoyote, hapana, kwa wiki 6.

Mama_Miche

Mwanangu, mti wa kupandia uweke sasa hivi wakati unapanda, ukichomeka baadaye utachana mizizi iliyobaki.

Sisi wa Kigoma tuna bahati, tumezungukwa na michikichi. Kata wavu wa kuku urefu wa mita 1 na robo, upana wa kama sentimita 28, uviringe upate bomba la unene wa sentimita 8 au 9, funga kwa waya. Jaza ndani nyuzi zile kavu za kahawia zinazoota kwenye mashina ya makuti ya mchikichi. Shindilia kwa mpini wa mwiko mpaka ukibonyeza kwa kidole isiingie ndani sana. Ukijaza kwa kulegea, maji yanapita moja kwa moja na mizizi haishiki.

Msichanganye nyuzi hizo na makapi yanayobaki mashineni baada ya kukamua mawese. Yale yana mafuta bado, ndiyo maana yanawashia moto vizuri. Maji yanateleza juu yake, sisimizi wanakuja, na ukungu unaota. Kama huna kingine, yaoshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili halafu yaache mvuani wiki kadhaa.

Tazama mmea wako: upande mmoja unatoa mizizi ya hewani, ile minene ya kahawia, upande mwingine unatoa majani. Upande wa mizizi ndio mgongo. Mgongo uegemee nguzo, majani yatazame dirisha. Funga SHINA, usifunge kikonyo. Kikonyo kinahitaji kugeuka kufuata mwanga, ukikikaba kitavunjika. Tumia utepe wa kitambaa wa sentimita 2, uzungushe umbo la nane, uache nafasi ya kidole.

Nguzo iwe na unyevu. Kila siku ya pili au ya tatu mimina robo lita taratibu kutoka juu. Maji ya mvua tu hapo. Ya bomba yataiganda ukoko kama ulivyoona kwenye ndoo. Nguzo ikiwa kavu mzizi wa hewani unaigusa tu na kupita, hauingii. Na ukiuona mzizi mrefu umefika chini, uelekeze udongoni, usiukate.

Fundi_Vyungu

Naongeza kidogo kwa wasio na mchikichi karibu: bomba la plastiki la inchi 2 lililovishwa gunia la katani mara mbili na kushonwa kwa uzi wa nailoni linafaa, ila hukauka haraka kuliko nguzo ya Mama. Mwanzi mtupu haufai, ni laini na mizizi inateleza. Gogo la mti ni zuri, lina magamba ya kushika, lakini chungu kikikaa barazani mchwa watalipata kupitia matundu ya chini, na utalikuta tupu ndani siku linapoanguka na mmea.

Mama_Miche

Gogo la mwembe lililokaushwa vizuri linadumu mwaka na zaidi ukiinua chungu juu ya matofali mawili, mchwa utawaona wakijenga njia. Lakini kwa mmea wa ndani nakubaliana nawe, wavu ni bora.

Nyuki_wa_Tabora

Salamu kutoka Tabora. Huku shida kubwa ni hewa kavu, na Kigoma pia mtaiona kuanzia Julai hadi mvua zije.

Jani jipya hutoka limeviringwa kama sigara ndani ya ala ya kikonyo kilichotangulia. Hewa ikiwa kavu na mizizi ikiwa na kiu, linakwama, sehemu zinashikana, na likifunguka linachanika. Msilivute kwa vidole. Loweka pamba kwa maji ya vuguvugu, uizungushe kwenye sehemu iliyoshikana nusu saa asubuhi, siku mbili tatu. Kupuliza maji hewani kwa chupa ya dawa hakubadilishi unyevu wa chumba kwa zaidi ya dakika chache. Kinachosaidia ni kukusanya vyungu kadhaa pamoja na kuviondoa kwenye upepo wa feni. Tabora tuko karibu mita 1,200, usiku wa Juni na Julai una baridi, ukuaji hupungua sana. Hapo maji yapunguzwe. Mmea usioota haunywi.

Kiangazi ndipo wadudu wanaingia. Utitiri mwekundu: jani linakuwa na vidoti vidogo vya kupauka, na chini yake utando kama wa buibui mdogo kwenye pembe za mishipa. Vithiripi ni wabaya zaidi: michirizi ya rangi ya fedha na vinyesi kama nukta za wino mweusi, nao huingia ndani ya jani lililoviringwa, ndiyo maana jani linafunguka likiwa tayari na makovu. Vidung'ata ni zile pamba nyeupe kwenye kona za vikonyo. Ukiona sisimizi wanapanda shina, wafuate, watakuonyesha walipo.

Kwanza kuoga: maji ya kutosha chini ya kila jani. Kisha kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na mililita 5 za mafuta ya mwarobaini katika lita 1 ya maji ya vuguvugu, tikisa kila dakika, pulizia jioni, hasa mgongoni mwa jani. Kwa Kigoma tumia maji ya mvua hapa pia, sabuni hukatika kwenye maji ya magadi. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara nne. Mara moja haitoshi kwa kuwa mayai hayafi, na vithiripi wana hatua wanayojificha udongoni. Vidung'ata waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti.

Huku kwetu watu hulowesha majani ya tumbaku na kupulizia. Ndani ya nyumba, tafadhali, msifanye hivyo. Nikotini ni sumu inayopita kwenye ngozi, na watoto wanashika majani.

Mbolea, baada ya zile wiki 6: NPK 17-17-17 (namba ni asilimia za nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mpangilio huo) nusu kijiko cha chai kwenye lita 5, ilale usiku ichuje, upe udongo ambao tayari una unyevu, kila wiki mbili wakati inatoa majani. Mbolea ya tumbaku ya 10-18-24 inapatikana kila duka hapa Tabora lakini nitrojeni yake ni ndogo kwa mmea wa majani. Urea huunguza. Na kwa Kigoma hakuna haja ya kununua chumvi ya magnesiamu, ziwa limewapa ya kutosha.

Kibirizi_Kijani

Nimeshapanda kwenye ndoo ya lita 5 na nguzo ya wavu, nashukuru sana. Maswali mawili ya mwisho. Mikono imewasha sana nilipokata mizizi, ni kawaida? Nina watoto wadogo. Pili, ncha ya mmea imerefuka vibaya, nafasi kati ya jani na jani ni kubwa. Niikate?

Mama_Miche

Kuwasha ni kawaida. Monstera ni ukoo mmoja na magimbi, ina vifuwele vilevile kama sindano vinavyowasha ukila gimbi bichi. Osha kwa sabuni na maji mengi, usishike macho. Mtoto akitafuna jani, midomo na ulimi vitauma na kuvimba: mpanguse mdomo, mpe maji au maziwa baridi, na akishindwa kumeza au kupumua vizuri, kituo cha afya mara moja. Wakati mwingine vaa glavu, au mfuko wa plastiki mkononi.

Majani yapanguse kwa kitambaa chenye maji ya mvua tu. Naona watu wanapaka mawese au mafuta ya kupikia ili yang'ae. Yanaziba vitundu vya kupumulia, na vumbi la kiangazi linaganda juu yake.

Bustani_ya_Ujiji

Kuhusu kukata: siyo sasa. Mizizi imetoka kupunguzwa, majani ndiyo yanaulisha mmea. Hata yale yenye kingo za kahawia yaache, punguza sehemu kavu kwa mkasi ukiacha uzi mwembamba wa kahawia. Manjano mazima mawili ya chini yatoe.

Jani la kwanza litakalofunguka usilihukumu, liliundwa kwenye hali ya zamani. La pili pia linaweza kuwa zima. Tazama la tatu na la nne. Mmea ukishatoa majani mawili yanayoongezeka ukubwa, hapo ndipo ukate, na ikiangukia mwanzoni mwa mvua ni vizuri zaidi.

Kata sentimita 2 hadi 3 chini ya kifundo, ile pete inayozunguka shina pale kikonyo kinapoanzia. Kipande lazima kiwe na kifundo, na kikiwa na mzizi wa hewani ni bora. Jani na kikonyo peke yake, bila kifundo, linaweza kutoa mizizi na kukaa kijani miezi mingi kwenye chupa, lakini halitatoa chipukizi kamwe kwa sababu jicho halipo. Wengi huuziwa hayo.

Acha jeraha likauke saa kadhaa, tumbukiza kifundo kwenye maji ya mvua na jani lote libaki nje. Badilisha maji kila siku 3 au 4. Mizizi huonekana kati ya wiki 2 na 4. Ikifika sentimita 5 hadi 8 na kuanza kutoa matawi, panda kwenye chungu cha lita 2 chenye mchanganyiko uleule. Ukichelewa ikawa mirefu sana majini, itapata shida kuzoea udongo.

Shina linalobaki kwenye ndoo litachipua kutoka kwenye jicho lililo chini ya jeraha. Hilo chipukizi likifika urefu wa kidole, lifunge kwenye nguzo mapema, lingali laini.

Kibirizi_Kijani

Chupa iwe ya kioo cheupe au yoyote?

Bustani_ya_Ujiji

Yoyote, ila ya kahawia au iliyofunikwa karatasi huzuia ukijani majini. Iweke penye mwanga uleule wa kivuli cha vidole, siyo juani, maji yakipata moto kifundo kinaoza kabla ya kutoa mzizi.